TUSINUNUE JENEZA LENYE MAGURUDUMU MANNE

Ndugu Wanachama na Wanakijiji wote,

Mkutano Mkuu wa Chama chetu umekaribia, na katika ajenda limo jambo la kununua trekta la pili. Tumeambiwa lipo trekta kuukuu, bei yake nafuu, injini nzima, matairi bado. Watu wamefurahi. Sisi tumekwenda kuliona. Ni kweli injini inaita. Lakini nyuma ya kiti hamna kitu! Ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya dereva kama goli la mpira haipo. Yamebaki mashimo ya bolti tu. Mtu aliing'oa, pengine akaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mkanda wa kiti nao haupo.

Tunasema wazi bila kupepesa macho: trekta la namna hiyo lisinunuliwe hivyo lilivyo. Likinunuliwa, basi fedha ya fremu na mkanda itengwe siku ile ile, na lisiingie shambani hata saa moja kabla havijafungwa. Na trekta letu la sasa, ambalo nalo halina, lifanyiwe vivyo hivyo. Tunajua maneno haya hayatawapendeza wote. Majibu yao tumekwisha kuyasikia kilabuni, kwenye mashine ya kusaga, na hata mle ofisini. Leo tunayajibu moja moja.

JIBU LA KWANZA: "AJALI NI KAZI YA MUNGU"

Jamani, tusimsingizie Mungu. Mungu hakufunga mnyororo juu ya ekseli. Mungu hakuliamuru trekta lipite ukingoni mwa korongo. Trekta hupinduka kwa sababu zinazojulikana, na kinachojulikana kinazuilika. Hebu tuelezane.

Trekta limeinuliwa juu ili lipite juu ya mazao na matuta. Kwa hiyo uzito wake umekaa juu, si chini kama gari dogo. Maadamu uzito huo unaangukia katikati ya magurudumu, trekta limesimama. Ukihamia nje ya gurudumu la upande wa chini, limekwenda. Na huku kwetu Karatu ni wapi pasipo na mteremko? Mteremko unauhamisha uzito. Jiwe moja chini ya gurudumu la juu linauhamisha. Shimo la fuko chini ya gurudumu la chini linauhamisha. Kona ya haraka inauhamisha pia. Kasi nayo ina hesabu yake: ukiongeza kasi mara 2, nguvu inayokusukuma nje ya kona inaongezeka mara 4, ukiongeza mara 3, inaongezeka mara 9. Ndiyo maana trekta lililopita kona salama asubuhi, jioni linapinduka kwenye kona ile ile. Kona haikubadilika. Aliyebadilika ni dereva, alikuwa anawahi mnada.

Huko ni kupinduka kwa ubavu. Kuna na kupinduka kinyumenyume, na huku ndiko kunakoua upesi zaidi. Injini inazungusha ekseli, ekseli inazungusha magurudumu. Magurudumu yakikwama kwenye matope, au yakizuiwa na gogo mliloliweka mbele yake, nguvu ile haipotei. Ikishindwa kuyazungusha magurudumu, inauzungusha mwili wa trekta wenyewe kuizunguka ekseli. Pua inainuka, trekta linakuja nyuma, na aliyeko nyuma ni dereva. Ndivyo inavyokuwa pia ukifunga mnyororo juu ya ekseli, au kwenye ile mikono ya kuinulia jembe, ukavuta kisiki. Mzigo unalivuta trekta kulipindua. Ukifunga kwenye chuma cha chini kabisa kilichowekwa kwa kuvutia, pua ikianza kuinuka chuma kile kinashuka na mvuto unapungua. Kiwandani hawakukiweka chini kwa urembo.

Msimu uliopita trekta letu liliambiwa ling'oe kisiki cha mkaratusi kwa mnyororo uliofungwa juu. Mlikuwapo wengi, mliona. Magurudumu ya mbele yaliinuka yakaning'inia hewani, kisha kisiki kikaachia, yakarudi chini. Watu wakapiga makofi! Wakasema trekta lina nguvu. Kumbe tulikuwa tunashangilia kaburi lililokosa mtu kwa bahati tu. Hatutaki kungojea mpaka lipate mtu ndipo tuandike kwenye gazeti hili.

JIBU LA PILI: "DEREVA HODARI HAPINDUKI"

Hili linasemwa sana na vijana, na linasemwa na madereva wenyewe. Ndugu zetu, hatubezi uhodari wenu. Nyinyi ndio mnaotulishia kijiji. Lakini hodari naye ana mikono miwili na miguu miwili, na hana saa ya kutosha. Waliopima mambo haya wanasema: pua inapoanza kuinuka, trekta linafika mahali pasiporudika kwa muda wa kama robo tatu za sekunde. Mpaka limelala miguu juu ni kama sekunde moja na nusu. Tamka pole pole maneno haya: "Chama chetu cha Ushirika". Hujamaliza, kazi imekwisha. Katika muda huo uone hatari, uamini unachokiona, ukanyage klachi? Mguu haujafika.

Wengine wanasema, "Mimi nitaruka." Utarukia wapi, bwana? Trekta likilala ubavu, anayeruka mara nyingi huangukia upande ule ule linakolalia. Chuma cha tani 2 au 3 hakiombi msamaha.

Basi tutazame wenzetu walifanya nini. Nchi ya Uswidi iliweka sheria mwaka 1959: kila trekta jipya liwe na kinga ya dereva. Baadaye wakayadai na yale ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kila matrekta 100,000 walikufa watu wapatao 17 kwa mwaka kwa kupinduka. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa ni chini ya mtu 1. Uingereza wakadai kinga kwenye matrekta mapya kuanzia mwaka 1970. Marekani wakaamuru mwaka 1976 kwamba matrekta mapya yanayoendeshwa na waajiriwa yawe na fremu, na mwaka 1985 watengenezaji wakakubaliana kuifunga karibu kwenye kila trekta jipya. Sasa tuulize: hivi Waswidi walianza kuzaa madereva hodari mwaka 1959? Hapana! Watu ni wale wale, milima ni ile ile. Kilichobadilika ni trekta.

Fremu haizuii trekta kupinduka, tusidanganyane. Kazi yake ni mbili. Mara nyingi trekta likilala ubavu, fremu inalizuia lisiendelee kujiviringisha. Na likipinduka kabisa, inamwachia dereva nafasi ya kuishi chini yake. Lakini nafasi hiyo ni ya aliye kitini. Ndiyo maana mkanda. Fremu bila mkanda, dereva anarushwa nje na pengine fremu yenyewe ndiyo inamwangukia. Na mkanda bila fremu ni kujifunga kwenye jeneza. Viwili hivi ni mume na mke, vikitengana nyumba haipo. Vikitumika pamoja, wataalamu wanasema karibu kila dereva anatoka hai.

JIBU LA TATU: "HELA HAKUNA"

Hapa ndipo penye ugomvi wetu mkubwa na Kamati.

Tairi likipasuka kati ya msimu, hela inapatikana. Pampu ya dizeli ikifa, hela inapatikana, tena usiku ule ule mtu anapanda basi kwenda Arusha. Kwa nini? Kwa sababu bila tairi trekta halilimi. Bila fremu linalima. Yaani kwa hesabu za vitabu vyetu, tairi ni kitu cha lazima na dereva ni kitu cha hiari! Haya ndiyo mawazo tunayoyapinga. Wazee wetu walioanza kulima kwa pamoja hawakusema kwamba mashine ni bora kuliko mtu. Walisema mashine imtumikie mtu.

Tena kuna mambo ya sheria, ambayo tungependa viongozi wayajibu mbele ya Mkutano. Chama kikimlipa dereva, Chama ni mwajiri. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomdai mwajiri kulinda usalama wa watu anaowafanyisha kazi. Ipo na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayomtaka mwajiri achangie kwenye Mfuko, ili mfanyakazi akiumia kazini atibiwe na kulipwa, na akifa wategemezi wake wapate chochote. Je, dereva wetu ameandikishwa huko? Taniboi wake je? Tuliuliza kabla ya mavuno. Tukaambiwa tungoje. Mpaka leo tunangoja. Mjane naye ataambiwa angoje?

Kwa hiyo msituambie fremu ni ghali. Tuambieni kwanza mmekwenda kwa nani, mkauliza bei gani. Bei ambayo haijaulizwa haiwezi kuwa ghali.

JIBU LA NNE: "FUNDI WETU ATACHOMELEA MABOMBA" NA "MBONA KUNA KIVULI?"

Fundi wetu tunamheshimu. Geti la shule ni kazi yake na limesimama vizuri. Lakini fremu ya trekta si geti. Ile ya kiwandani imepimwa kwa kugongwa na kukandamizwa, ili ijulikane inabeba uzito wa trekta lile, si lingine. Bomba la maji lililochomelewa linaonekana vile vile kwa macho, siku ya siku linajikunja kama muwa. Hapo dereva amejifunga mkanda kwa imani, kumbe amefungiwa kifo. Na fremu nzima pia isitobolewe wala isichomelewe vitu vya kutundikia, maana inapoteza nguvu. Iliyokwisha kupinda katika ajali haifai kunyooshwa. Inabadilishwa.

Na lile paa la bati au turubai lenye miguu minne myembamba ni la jua na mvua. Kivuli si kinga. Tusichanganye.

Wapo wanaosema fremu inashika matawi kwenye mikahawa. Ni kweli. Ndiyo maana zipo zinazokunjwa kwa pini. Unaikunja ukiingia chini ya miti, mahali pa tambarare, bila kujifunga mkanda kwa muda huo. Ukitoka unaisimamisha na kufunga mkanda. Kazi ya dakika chache. Kuing'oa kabisa kwa sababu ya tawi ni sawa na kukata mguu kwa sababu ya mwiba.

JIBU LA TANO: "WATU WAPATE LIFTI"

Hapa tunawageukia nyinyi wanakijiji wenzetu, maana si Kamati peke yake yenye lawama. Trekta lina kiti kimoja. Kiti kimoja, mtu mmoja. Lakini likitoka shambani jioni limejaa kama basi: wawili wamekaa juu ya madigadi, mmoja anaegemea jembe, mtoto ameshika usukani kwa kucheza. Fremu haimlindi aliyekaa kwenye madigadi. Shimo moja tu na yuko chini ya gurudumu la nyuma. Akina baba, mtoto kumpandisha trekta si kumpenda. Akina mama, tunawaomba mkatae kwa sauti, hata kama dereva ni mjomba.

NA WENYE MASHAMBA NAO WASIKIE

Dereva hapinduki peke yake. Tunampindua sisi.

Kuna mwenye shamba anayesimama pembeni akipiga kelele, "Sogea! Sogea! Bado hatua tatu!" Anadai trekta lilime mpaka mdomoni mwa korongo. Udongo wa ukingo umeliwa na maji kwa chini, juu unaonekana mzima. Kanuni ni rahisi na hata asiyejua kusoma anaishika: korongo lina kina gani? Kaa mbali nalo kwa kiasi hicho hicho au zaidi. Kama kina chake ni mita 3, trekta lisipite ndani ya mita 3 kutoka ukingoni. Ule ukanda unaobaki si hasara. Panda majani ya tembo, ng'ombe watakula, na mizizi itashika udongo ili korongo lisiendelee kula shamba lako. Mnalilia hatua tatu za ardhi, na korongo linachukua hatua tatu kila masika bila kuwaomba.

Kuna na haya malipo ya kwa ekari. Dereva analipwa kwa ekari alizolima, mvua imekaribia, foleni ya mashamba ni ndefu, simu yake inalia kutwa nzima: "Unakuja lini?" Halafu tunamwambia aende pole pole! Hayo ni maneno ya mdomoni, hela inamwambia akimbie. Tunataka dereva alipwe kwa siku katika msimu wa kulima. Na awe na haki ya kusema, "Shamba hili ni kali mno, silimi." Atakayesema hivyo asionekane mwoga, wala mwenye shamba asimshitaki ofisini. Mahali pa namna hiyo patalimwa kwa maksai au jembe la mkono, au pasilimwe kabisa, paote majani.

MADEREVA WAYASHIKE HAYA

1. Mzigo wowote ufungwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia. Visiki vichimbuliwe na kukatwa mizizi kwanza.

2. Ukikwama, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Usiweke gogo wala jiwe mbele ya magurudumu ya nyuma ukakanyaga mafuta. Chimba, au ita trekta jingine livute.

3. Kulima kwa kufuata makinga maji ni sawa na ni lazima kwa kuhifadhi udongo. Lakini ubavuni mwa mteremko tanua magurudumu kadiri yanavyoruhusu, nenda gia nzito, jembe likae chini chini. Trekta likianza kuegemea, geuzia usukani upande wa kuteremka, usiugeuzie juu.

4. Mlima mkali usiokwepeka, trekta likiwa tupu, upandwe kinyumenyume na ushukwe kwa mbele.

5. Ukishusha tela la magunia, tia gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Usiweke fri, usikanyage klachi njiani. Tela ndilo litakusukuma, na hutaipata gia tena.

6. Barabarani pedeli mbili za breki zifungwe pamoja. Breki ikishika gurudumu moja tu, trekta linageuka ghafla na kupinduka.

7. Toa klachi pole pole, hasa ukiwa na mzigo au ukiangalia juu mlimani.

8. Mwambie mtu unakolima na saa ya kurudi. Wamekufa watu waliolaliwa na trekta wakiwa peke yao, wakaokotwa jioni.

TUNAYOTAKA MKUTANO MKUU UPITISHE

Kwanza, lisinunuliwe trekta lisilo na fremu ya kiwandani na mkanda, au bei ya kuvifunga iwe ndani ya bei ya kununua.

Pili, trekta la sasa lifungwe fremu inayolifaa na mkanda kabla ya msimu ujao kuanza. Likichelewa, lisilime kwenye miteremko.

Tatu, dereva na taniboi waandikishwe kwenye Mfuko wa Fidia, na karatasi yao ibandikwe hapa hapa ukutani tuione.

Nne, malipo ya dereva yawe kwa siku, na haki yake ya kukataa shamba la hatari iandikwe kwenye kumbukumbu.

Tano, atakayepandisha abiria kwenye trekta alipe faini kwa Chama, na atakayepanda alipe vile vile.

Tunajua watasema mambo haya ni mageni, watu hawatayashika. Si kweli. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja sindano wala polisi. Kama watu hao waliweza kujadiliana kuhusu choo, sisi tunashindwaje kujadiliana kuhusu chuma kimoja nyuma ya kiti?

Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Wajumbe wa Kamati, hatuna chuki na mtu. Tunataka trekta la pili kuliko yeyote, maana wengi wetu ndio tunaolala foleni mvua zikianza. Lakini tunalitaka lituletee mahindi na ngano, si msiba. Njooni Mkutanoni na majibu. Na nyinyi wanachama njooni wote, msije mkakaa nyumbani halafu mkalalamika kisimani. Mkono wako mmoja ukiinuka siku ile ndiyo kinga ya kwanza ya dereva.

Mashine itengenezwa, mtu hatengenezwi.

KAMATI YA GAZETI LA UKUTANI

(Usiichane karatasi hii. Msomee na asiyejua kusoma.)